Meli ya Khedive Ismail na Askari wa Afrika Mashariki Waliozama Nayo mwaka 1944: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa topido, yaani kombora la kupita majini, karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama na watu karibu 1,300. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo watu huyarudia: jamaa wa waliopotea, wanafunzi wa historia, na wale waliosikia habari hii nusunusu. Pale jibu moja linapogusa jingine, msomaji ameelekezwa kwa namba ya swali.

## Meli yenyewe

1. Khedive Ismail ilikuwa meli gani?

Ilikuwa meli ya mvuke iliyoundwa mwaka 1922 na kiwanda cha Scotts huko Greenock, Uskoti. Haikuzaliwa na jina hilo. Iliitwa Aconcagua; wenyewe walikuwa kampuni ya meli ya Chile, na kazi yake ilikuwa kubeba abiria na shehena kati ya Valparaiso na New York kupitia Mfereji wa Panama. Mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 uliiua biashara hiyo, na meli ikarudi mikononi mwa walioiunda.

Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Kimisri ya Khedivial Mail, yenye makao Alexandria, ambayo ilinunua pia pacha wake aliyeitwa Teno. Teno akapewa jina la Mohamed Ali El-Kebir, naye Aconcagua akawa Khedive Ismail. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilizichukua zote mbili kwa kazi ya kubeba askari.

2. Ilikuwa meli ya mizigo au ya abiria?

Ilikuwa vyote viwili, na hapo ndipo maandishi mengi hutofautiana. Meli za wakati ule zilizovuka bahari kwa ratiba zilikuwa na vyumba vya abiria juu na matumbo ya shehena chini, kwa maana nauli za abiria peke yake hazikutosha kulipa makaa, mafuta na mishahara. Kwa tani zake zipatazo 7,500 za ujazo, Khedive Ismail ilikuwa meli ya kadiri, si jumba la bahari kama zile kubwa za njia ya Atlantiki.

Meli kama hiyo ikichukuliwa kwa vita, vyumba vya juu walipewa maofisa na wauguzi, na nafasi za chini, ambako zamani palipangwa shehena, zikawekwa meza ndefu za kulia chakula na kulabu za kutundikia vitanda vya bembea vya turubai. Askari wa kawaida alikula, akalala na kuusubiri mwisho wa safari humo humo. Mpangilio huu si jambo dogo: mahali mtu alipolala, na idadi ya ngazi zilizokuwa kati yake na sitaha, ndivyo vilivyoamua kama angetoka meli ikipigwa. Jibu la swali la 9 linalirudia jambo hili.

3. Huyo Khedive Ismail alikuwa nani?

Alikuwa mtawala wa Misri kati ya mwaka 1863 na 1879, yule aliyefungua Mfereji wa Suez mwaka 1869 kwa sherehe na madeni mengi. Watu wa pwani yetu wana sababu nyingine ya kumkumbuka. Mwaka 1875 alituma jeshi kwa njia ya bahari, likatua Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa nia ya kuipanua Misri hadi Bahari ya Hindi. Barghash akalalamika kwa Waingereza, nao wakamshinikiza Ismail hadi majeshi yake yakaondoka. Ni sadfa tu ya majina ya kampuni, lakini haikosi uchungu, kwamba miaka karibu 70 baadaye meli yenye jina lake iliwachukua vijana wa sehemu hizi wasirudi.

4. Ilifanya kazi gani vitani kabla ya mwaka 1944?

Ilibeba askari katika Mediterania na Bahari ya Hindi. Tukio linalofahamika zaidi ni lile la Ugiriki, usiku wa kuamkia tarehe 27 Aprili 1941, majeshi ya Uingereza na washirika wake yalipokuwa yakikimbia mbele ya Wajerumani. Khedive Ismail ilikuwa miongoni mwa meli zilizotumwa kwenye ghuba ya Nauplia kuwachukua askari, lakini bandari ilikuwa imezibwa na meli iliyokwama, vyombo vidogo vya kuwaleta askari melini vilikuwa vichache, na ikaondoka bila kupata hata mmoja.

Meli ya Kiholanzi iliyokuwa nayo, Slamat, ilikawia ili ipakie wengi zaidi. Asubuhi ndege za Kijerumani ziliikuta baharini zikaizamisha, kisha zikazizamisha pia manowari mbili za Kiingereza, Diamond na Wryneck, zilizokuwa zimewaokoa watu wake. Walikufa karibu watu 1,000. Khedive Ismail ilinusurika. Pacha wake, Mohamed Ali El-Kebir, hakuwa na bahati hiyo: alikwisha kuzamishwa na nyambizi ya Kijerumani U-38 tarehe 7 Agosti 1940, akiwa njiani kwenda Gibraltar na askari.

## Safari ya mwisho

5. Kwa nini safari ilianzia Mombasa?

Bandari ya Kilindini, ambayo jina lake lenyewe linatangaza wingi wa maji yake, ilikuwa lango la vita vya upande huu wa Bahari ya Hindi. Wajapani waliposhambulia Colombo na Trincomalee kwa ndege mwezi Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza la Mashariki lilirudi nyuma na kuifanya Kilindini kituo chake. Hata shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, ikawa mahali pa wataalamu wa kufumbua siri za simu za upepo za Kijapani. Kufikia mwanzo wa mwaka 1944 hofu ilikuwa imepungua na mkondo umegeuka: askari waliokusanywa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walipelekwa mashariki kwa mafungu kupitia bandari hiyo.

6. Nani waliokuwamo melini?

Jumla yao ilikuwa watu 1,511. Fungu kubwa, watu 996, lilikuwa la Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake walikuwa Waafrika na maofisa wake Waingereza. Walikuwamo pia watu 271 wa jeshi la wanamaji la Uingereza, wauguzi 54 wa jeshi pamoja na kiongozi wao, wanawake 19 wa jeshi la wanamaji, na wanawake tisa wa kikosi cha kujitolea kijulikanacho kwa kifupi kama FANY. Waliosalia walikuwa hasa mabaharia wa meli na wapiga mizinga yake.

Alikuwamo mwandishi wa habari za vita mmoja, Kenneth Gandar-Dower, Mwingereza ambaye kabla ya vita alikuwa mcheza tenisi, rubani na mtalii wa milima ya Aberdare, alikokwenda kumtafuta simba mwenye madoadoa aliyesimuliwa na wenyeji. Ndiye aliyewapeleka duma Uingereza mwaka 1937 wakashindanishwa mbio uwanjani. Alikufa pamoja na wengine.

7. Askari hao walikuwa wakienda kupigana wapi?

Burma, ingawa kituo cha kwanza kilikuwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilikuwa tayari kisiwani humo tangu mwaka 1943 ikijifunza vita vya msituni. Baadaye mwaka 1944 divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, ikafika Kalewa mwezi Desemba. Wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 hawakuyaona hayo.

8. Je, meli ilisafiri peke yake bila ulinzi?

Hapana. Ilikuwa ndani ya msafara ulioitwa KR 8, wenye meli tano za askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, zikiwa na zaidi ya watu 6,000 kwa jumla. Zilipofika karibu na Maldivi zilisindikizwa na manowari tatu: kruza (manowari kubwa) ya zamani, Hawkins, na destroya (manowari ndogo za kasi) mbili, Paladin na Petard. Kwa hesabu za wakati ule ulinzi huo haukuwa wa kudharauliwa, lakini manowari hizo tatu zilikuwa na eneo pana la maji ya kulinda, na nyambizi iliyotangulia mbele ya msafara ikanyamaza kimya huwa vigumu sana kuitambua.

## Kuzama na mapigano

9. Nini hasa kilitokea tarehe 12 Februari 1944?

Ilikuwa Jumamosi, mapema alasiri, bahari tulivu na jua kali. Msafara ulikuwa katika mlango-bahari wa Digrii Moja na Nusu wa Maldivi. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Baadhi ya watu walikuwa wakiota jua sitahani, na wengine wengi walikuwa ndani wakisikiliza tamasha la muziki.

Nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya nahodha Toshiaki Fukumura, ilikuwa imejiweka upande wa kushoto wa meli. Mlinzi wa Khedive Ismail aliiona darubini yake ikichungulia juu ya maji akapiga kelele, na wapiga mizinga wa meli wakafyatua, lakini wakati huohuo topido nne zilikuwa zimekwisha kuachiwa. Mbili zilipiga. Shetri ikafunikwa na moto na moshi, meli ikalala ubavu na kwenda chini katika muda usiozidi dakika tatu.

Dakika tatu hazitoshi kuteremsha mashua za kuokolea. Hazitoshi hata kupanda ngazi mbili zenye watu mia kadhaa wanaosukumana gizani, huku meli ikilala na ngazi zenyewe zikigeuka kuwa kuta. Kwa hiyo waliokuwa sitahani au karibu na mlango walipata nafasi ya kuruka, na waliokuwa katika matumbo ya meli yaliyoelezwa katika swali la 2 hawakuipata.

10. Je, ni kweli kwamba manowari ya Kiingereza iliwaua manusura waliokuwa wakiogelea?

Ni kweli, na hakuna haja ya kuizungusha habari hii. Meli nyingine za msafara zilitawanyika zikikimbia pamoja na Hawkins, na destroya mbili zikabaki. Paladin iliteremsha mashua kuokota watu. Petard ilianza kuitafuta nyambizi kwa chombo cha kusikiliza mwangwi chini ya maji, na ikagundua kwamba I-27 ilikuwa imejificha pale pale, chini ya watu waliokuwa wakielea.

Silaha iliyokuwapo ya kuipiga nyambizi iliyo chini ya maji ilikuwa mabomu ya kina, yaani mapipa ya baruti yanayotupwa majini na kulipuka yakifika urefu uliopangwa. Mshindo wake ndani ya maji humpasua mtu kifua na matumbo hata kama hakuguswa na chuma. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na hesabu mbili mbele yake: mamia ya watu majini, na maelfu katika meli nne zilizobaki ambazo nyambizi ingeweza kuzifuata. Alitoa amri mabomu yatupwe, na wengi waliokuwa wamesalimika na topido wakafa kwa mabomu hayo.

Wapo wanaosema hakuwa na njia nyingine, na wapo wanaosema angesubiri waokolewe kwanza. Kwa maoni yangu hoja ya pili inasahau kwamba Paladin ilipokuwa imesimama ikiokota watu ilikuwa yenyewe shabaha isiyokimbia. Hata hivyo, anayetetea uamuzi ule asiutetee kwa kupunguza yaliyotokea.

11. Nyambizi iliishia wapi?

Katika mzunguko wa tatu wa mabomu ya Petard, I-27 ililazimika kupanda juu ya maji. Mizinga ya destroya iliipiga mara nyingi bila kulitoboa gamba lake gumu. Paladin ikaenda mbio ili iigonge, lakini ilipokaribia ikaamriwa iache, ikageuka, na pezi la nyambizi likaipasua ubavu vibaya hata ikashindwa kuendelea na vita. Ndipo Petard ikaanza kupiga topido, moja baada ya nyingine, na ile ya saba ndiyo iliyoivunja nyambizi. Mapigano yalikuwa yamechukua zaidi ya saa mbili. Mjapani mmoja tu aliokolewa.

12. Petard hii ndiyo ile inayotajwa katika habari za siri za Wajerumani?

Ndiyo. Mwezi Oktoba 1942, katika Mediterania, mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 iliyokuwa ikizama wakatoa vitabu vya siri vilivyosaidia kufumbua mawasiliano ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia kwa siri. Wawili wao, Fasson na Grazier, walizama nayo. Mwaka huohuo Petard ilishiriki kuiangamiza nyambizi ya Kiitaliano Uarsciek, na kwa I-27 ikawa imeshinda nyambizi za mataifa yote matatu ya upande wa adui.

13. Meli ilikuwa na wauguzi. Je, kuipiga hakukuwa uhalifu wa kivita?

Swali hili hutokana na kuichanganya meli ya askari na meli ya hospitali. Meli ya hospitali, kwa mkataba wa Hague wa mwaka 1907, hupakwa rangi nyeupe, huwekwa alama ya msalaba mwekundu, hutangazwa kwa adui na haibebi askari wa kupigana wala silaha. Khedive Ismail ilikuwa na mizinga, ilisafiri ndani ya msafara wa kijeshi na ilibeba rejimenti nzima. Wauguzi wake walikuwa abiria wanaokwenda kazini. Kwa sheria za vita ilikuwa shabaha halali.

## Idadi ya waliokufa na namna wanavyokumbukwa

14. Walikufa wangapi?

Walikufa watu 1,297, wanaume 1,220 na wanawake 77. Walionusurika ni 214, wanaume 208 na wanawake sita. Hesabu hizi ni za kuzama kwa meli na mapigano yaliyofuata kwa pamoja, kwa sababu haikuwezekana kutenganisha waliouawa na topido na waliouawa na mabomu ya kina. Ni miongoni mwa misiba mikubwa kabisa ya meli za Washirika katika vita vile. Manusura walipelekwa Addu, kundi la visiwa la kusini kabisa mwa Maldivi lililokuwa na kituo cha siri cha manowari za Kiingereza.

15. Kwa nini simulizi nyingi huzungumzia wauguzi kuliko askari wa Afrika Mashariki?

Kuna sababu ya haki na kuna sababu ya upungufu. Ya haki ni kwamba haujatokea msiba mwingine uliochukua wanawake wengi kiasi hicho wa majeshi ya Jumuiya ya Madola kwa siku moja. Ya upungufu ni kwamba walioandika walitegemea barua, shajara na picha, na familia za Uingereza zilikuwa nazo. Askari kutoka kijiji cha Ukambani au cha Nyasaland mara nyingi alikuwa ameandikiwa barua na mwenzake ajuaye kusoma, na nyumbani kilichobaki ni jina, namba ya jeshi na neno la mjumbe aliyefika kwa chifu. Kwa hiyo kundi lililopoteza watu wengi kuliko yote likawa ndilo lenye masimulizi machache kuliko yote. Mtu akitaka kulisahihisha hilo, aanze na majina. Tazama swali la 16.

## Kumtafuta jamaa aliyepotea

16. Majina ya askari hao yameandikwa wapi?

Kwa kuwa hawana makaburi, majina ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki yamechongwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi upande wa barabara ya Ngong. Mahali hapo pako wazi kwa wageni. Majina hayohayo yamo katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayoweza kutafutwa kwa intaneti bila malipo. Mabaharia wa kivita wa Uingereza wameandikwa kwenye kumbukumbu za wanamaji kwao.

Njia inayofaa zaidi ni kutafuta kwa tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, pamoja na jina la kikosi, badala ya kutegemea jina la mtu peke yake. Karani wa jeshi aliandika alichosikia: jina la baba linaweza kuwa limechukua nafasi ya jina la mtu, na herufi r na l, au b na v, hubadilishana. Jaribuni namna zote jina linavyoweza kutamkwa na mtu asiyejua lugha yenu.

17. Babu yetu aliambiwa amefia Burma, na hakuna kaburi. Je, huenda alikuwa katika Khedive Ismail?

Huenda, ila msianze na dhana hiyo. Katika familia nyingi neno Burma lilikuja kumaanisha vita vyote vya mashariki, na aliyezama njiani alihesabiwa kuwa amefia Burma. Lakini wapo pia waliokufa Burma yenyewe wasijulikane kaburi. Vitu viwili hutenganisha hali hizo. Kwanza ni kikosi: waliokuwa keya wa miguu, yaani wa KAR (King's African Rifles), hawakuwa sehemu ya Rejimenti ya 301, na karatasi, medali au namba ya jeshi iliyohifadhiwa nyumbani inaweza kuonyesha kama alikuwa wa mizinga. Pili ni wakati: aliyeandika barua kutoka Ceylon au aliyeonekana na wenzake baada ya Februari 1944 alikwisha kuvuka salama.

18. Sanamu za Askari za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinawakumbuka watu hawa?

Hapana. Sanamu hizo ni za miaka ya 1920, na zilisimamishwa kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918. Wa Khedive Ismail wana ukumbusho uliotajwa katika swali la 16, ulio mbali na katikati ya mji, na wanaopita barabara ya Ngong kila siku wengi hawajui kwamba upo.